Wimbo ni Ibada ya Kila Siku: Siti binti Saad na Deni Letu



Kamati ya kitabu hiki cha maadhimisho ya hekalu letu ilitutaka sisi wa Itaka tuandike kurasa chache za historia. Wenzetu wameandika juu ya kiwanja, juu ya wafadhili waliotoa saruji na mabati, na juu ya mafundi waliosimamisha kilele. Mambo hayo yanastahili kuandikwa, nasi tumeyasoma kwa shukrani. Hata hivyo tumeomba ruhusa ya kuandika juu ya kitu ambacho hakina risiti katika mafaili ya kamati, nacho ni sauti inayoimba ndani ya jengo hilo.

Ili tuieleze sauti hiyo, tumechagua habari za mwimbaji ambaye hakuwa Mhindu, tena Mwislamu mcha Mungu. Huyo ni Siti binti Saad wa Unguja. Msomaji asishangae mapema. Tunaamini kwamba akifika mwisho ataona kwa nini jina lake linastahili kutajwa katika kitabu cha hekalu. Sisi si wanazuoni. Elimu yetu iliishia sekondari, na sehemu kubwa ya umri wetu tumeitumia nyuma ya meza ya duka, kati ya mizani na daftari. Lakini hata mfanyabiashara hukagua hesabu zake mwisho wa mwaka, na katika kukagua tumekuta deni ambalo halijalipwa.

Gramafoni ya dukani

Babu yetu alitoka Kathiawar, katika Gujarat. Alifika nyanda hizi katika miaka ya 1930, wakati dhahabu ya Lupa, upande wa Chunya, ilipokuwa ikivuta watu kutoka kila pembe. Yeye hakuchimba. Aliwauzia wachimbaji unga, chumvi, sukari, sabuni na majembe. Dhahabu ilipopungua alihamia Mbozi, penye kahawa, akafungua duka Itaka: chumba kimoja cha mbele kwa biashara na viwili vya nyuma kwa familia. Baba yetu alilirithi, nasi tukalirithi kwake.

Juu ya kabati la vitambaa palikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na kando yake santuri zisizozidi ishirini. Nyingi zilikuwa bhajan za Kigujarati na nyimbo za filamu za Kihindi. Moja ilikuwa ya Kiswahili, nayo ilikuwa na ufa. Sauti ya mwanamke ilitoka humo, kali na yenye uchungu kidogo, ikifuatwa na udi na fidla. Sindano ilipofika penye ufa iliruka, na maneno yaleyale yakarudi mara tatu au nne mpaka baba aisukume kwa kidole. Wakulima wa Kinyiha waliokuja mjini na magunia ya kahawa walisimama mlangoni kuisikiliza.

Baba alizoea kusema, "Huyu aliimbia Bombay." Sisi watoto tukadhani anasema kwamba mwimbaji yule ni Mhindi. Ilitupita miaka mingi kabla ya kujua ukweli, na ukweli wenyewe ni mtamu kuliko dhana yetu.

Mtoto wa Fumba

Siti alizaliwa Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa, na jina hilo halikuwa la mzaha. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi na ya mama yake Uzigua, na katika Unguja ya siku hizo watu wa bara wengi walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, Mtumwa binti Saad akiwa tayari msichana mkubwa.

Familia yake ilifinyanga vyungu. Alivibeba kichwani akaenda kuviuza mjini, akiita wateja kwa sauti njia nzima. Tunaomba msomaji mfanyabiashara atue hapa kidogo. Sauti ile iliyokuja kusikika mpaka ng'ambo ya bahari ilianza kama sauti ya mchuuzi. Siti alijifunza kuifikisha mbali bila kuichosha kwa sababu asingefanya hivyo vyungu vingerudi nyumbani. Shule yake ya kwanza ya muziki ilikuwa barabara, na ada yake ilikuwa jasho.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Watu wa mjini walimcheka. Walimtungia maneno ya kejeli juu ya sura yake, juu ya vyungu vyake, na juu ya kaniki aliyojifunga. Kaniki, kama wazee wetu wanavyokumbuka, ni kile kitambaa cha buluu iliyokolea, vazi la maskini na la watumwa, na katika siku hizo kilitoka India kwa majora na kuuzwa katika maduka ya Wahindi. Basi kitambaa alichochekewa Siti kilipimwa kwa wari na watu kama babu zetu. Hatusemi kwamba walikosa kwa kukiuza. Tunasema tu kwamba tangu mwanzo historia yake na yetu zilishonwa kwa uzi mmoja.

Somo la kila siku

Katika wakati huo taarabu ilikuwa muziki wa kasri. Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliipenda sana, akamtuma Mohamed bin Ibrahim mpaka Cairo akajifunze. Mwaka 1905 ikaanzishwa Nadi Ikhwani Safaa, chama cha wanaume waliopiga na kuimba kwa Kiarabu. Mwanamke wa shamba, asiyejua kusoma wala kuandika, hakuwa na mlango wa kuingilia.

Mlango ulifunguliwa na mtu mmoja aliyesikia sauti yake, Ali Muhsin, mwanachama wa Ikhwani Safaa. Alimfundisha kuimba kwa kufuata ala, akamfundisha na Kiarabu. Tuwaze maana ya somo hilo. Mwanafunzi hana daftari. Kila beti analopewa leo lazima alale nalo kichwani, na kesho alirudishe likiwa zima kabla ya kupewa jingine. Akikosa siku moja, la juzi limepotea. Mtu anayeandika anaweza kuchelewa, kwa kuwa karatasi inamsubiri. Anayeshika kwa moyo hana karatasi ya kumsubiri. Lazima aimbe kila siku.

Kwetu sisi jambo hili lina jina. Wanamuziki wa India huliita riyaz, yaani mazoezi ya kila siku yasiyo na msikilizaji wala tuzo. Mwalimu humtaka mwanafunzi ashike sauti moja, ile ya kwanza katika saba, airudie asubuhi baada ya asubuhi mpaka itulie kama mwali wa taa mahali pasipo upepo. Anayetazama kwa nje huona uchovu. Anayefanya anajua kwamba anasafisha chombo kabla ya kutia maziwa.

Siti alisafisha chombo chake kwa miaka kumi na saba, kuanzia alipohamia mjini mwaka 1911 mpaka safari ya Bombay ya mwaka 1928. Watu hukumbuka safari na kuisahau miaka.

Barazani Ng'ambo

Nyumba ya Siti ilikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa mji, walikokaa wavuvi, wachukuzi, mafundi, waosha nguo na waliokuwa watumwa. Jioni zilipoingia wenzake walikutana kwake: Subeti bin Ambar, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban na Mbaruk. Walipiga, wakaacha, wakabishana juu ya neno, wakarudia. Majirani walikaa kusikiliza, na kila aliyekuja alikuja na habari za mchana: nani amefikishwa mahakamani, nani kadhulumiwa mshahara, nani katozwa kodi ya ardhi asiyoiweza. Habari hizo zikaingia katika nyimbo.

Ndipo taarabu ikatoka katika Kiarabu cha kasri na kuingia katika Kiswahili cha mtaani. Wimbo wake uitwao "Kijiti" unatokana na mauaji ya mwanamke mjini Unguja. Mtuhumiwa alikimbilia bara, na wanawake waliofika kutoa ushahidi ndio waliojikuta wakihukumiwa. Hakimu aliandika hukumu yake kwa Kiingereza na ikafungiwa kabatini. Hukumu ya Ng'ambo iliimbwa, na mpaka leo inaimbwa.

Aliimba katika majumba ya wakubwa na mbele ya Sultani, akaimba na katika harusi za maskini. Waliomcheka kwa sura yake aliwajibu kwa wimbo, akiwakumbusha kwamba akili na tabia hudumu kuliko uso. Wakati huohuo aliacha jina la Mtumwa akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Yeye hakuomba jina hilo kwa serikali wala hakulinunua dukani. Alipewa na wasikilizaji wake.

Dakika tatu za Bombay

Mwezi wa Machi mwaka 1928 kampuni ya gramafoni ya His Master's Voice iliwachukua Siti na wenzake kwa meli mpaka Bombay. Kampuni ilikuwa na hesabu za kibiashara: ilitaka kuuza gramafoni kwa wasemaji wa Kiswahili, na mtu hanunui mashine isiyosema lugha yake. Siti akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba katika santuri.

Vijana wetu waliozoea simu huenda wasielewe ugumu wa kazi ile. Upande mmoja wa santuri ulibeba muda wa dakika tatu hivi. Taarabu ya barazani ilikuwa ikienda usiku kucha, msikilizaji akitunza na mwimbaji akirudia beti alilopendewa. Sasa wimbo huo ulipaswa kukunjwa mpaka utoshe katika dakika tatu, au ukatwe katikati na kuendelezwa upande wa pili. Sauti ilichorwa papo hapo juu ya nta. Hapakuwa na kufuta wala kubandika. Mpiga fidla akiteleza, au mwimbaji akikohoa, nta imeharibika na kazi inaanza upya.

Siti na wenzake waliimba nyimbo baada ya nyimbo namna hiyo, mbele ya mafundi wasiofahamu neno la Kiswahili, katika mji mgeni, bila majirani wa Ng'ambo wa kuwatia moyo. Katika miaka iliyofuata idadi ya nyimbo zilizorekodiwa ilizidi mia. Aliimba pia kwa Kiarabu na kwa Kihindi. Katika chumba kile baraza na tunzo havikuweza kumsaidia. Kilichomsaidia ni mazoezi ya kila siku.

Santuri zilirudi Afrika Mashariki na kuenea pwani na bara, zikapanda reli, zikabebwa na wachuuzi, mpaka moja yake ikafika Itaka na kukaa juu ya kabati la vitambaa. Wengi wa waliozisambaza walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya India. Wazee wetu walijua bei ya santuri, walijua zipi zinatoka haraka, walijua jinsi ya kuzifunga zisivunjike njiani. Tunakiri kwamba ni wachache miongoni mwao waliojua habari za mwanamke aliyekuwa akiimba ndani yake.

Sala na wimbo

Siti alikuwa Mwislamu, na hatuna haki ya kumvika imani isiyo yake. Pamoja na nyimbo alijifunza kusoma Kurani kwa sauti, na pwani yetu inajua kwamba msomaji mzuri hapatikani kwa koo peke yake. Lazima ajue mahali pa kuvuta, mahali pa kukata, mahali pa kupumua, na zaidi ya yote ajue mbele ya nani anasoma. Adabu hiyo ya pumzi ndiyo inayosikika katika santuri zake. Shaaban Robert, aliyemwendea Siti uzeeni akaandika wasifu wake, aliona katika maisha hayo somo la uvumilivu na utu, na kwa sababu hiyo mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili alitumia kalamu yake kwa muuza vyungu wa Fumba.

Sisi Wahindu tunao wa kumlinganisha naye. Katika karne ya 15, huko Junagadh, Gujarat, aliishi Narsinh Mehta, mshairi wa Krishna. Mapokeo yetu yanasema kwamba alikubali mwaliko wa watu waliohesabiwa kuwa wa tabaka la chini kabisa, akaenda mtaani kwao akaimba nao usiku mzima, na Wabrahmini wenzake wakamtenga kwa kosa hilo. Yeye hakuacha kuimba. Nyimbo zake za alfajiri, tunazoziita prabhatiya, zimeimbwa katika nyumba za Kigujarati kwa zaidi ya miaka mia tano, na Mahatma Gandhi alipenda wimbo mmoja wa Narsinh kuliko nyimbo zote. Mbrahmini huyu na binti huyu wa watumwa hawakuwa na dini moja wala lugha moja. Hata hivyo wote wawili walikwenda kuimba mahali ambapo wakubwa waliona aibu kukanyaga, na wote wawili walishika kazi yao kila siku kama sala.

Wala hatuhitaji kwenda mbali mpaka Junagadh. Katika nchi hii tuliyopo, Wanyiha na majirani zao Wafipa walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo. Bingwa wa tanuri hakuwasha moto ovyo. Kulikuwa na dawa za kuweka, na miiko ya kushika. Siku za kazi alijitenga na mkewe, na moyo wake ulitakiwa uwe safi. Mtu anayedharau ataita ushirikina. Sisi tunaona watu waliojua kwamba mkono unaoumba kitu unahitaji mwenendo, na kwamba mwenendo haukodishwi kwa siku moja.

Nasi wafanyabiashara tunalijua jambo hili kuliko tunavyokiri. Kila Diwali tunaweka daftari jipya la hesabu madhabahuni, tunaandika Shubh na Labh, baraka na faida, kabla ya tarakimu yoyote. Tunaita ibada hiyo Chopda Pujan, lakini jina lake jingine ni Sharda Pujan, na Sharda ni Saraswati, mungu wa elimu, yule anayeshika vina mapajani. Yaani kila mwaka tunaanza hesabu zetu kwa kumsujudia mlezi wa muziki. Kisha tunafunga duka la nyimbo na kufungua la sukari.

Ba na mzee wa duka

Sasa tufike kwenye deni.

Mama yetu, tuliyemwita Ba, aliamka kabla ya jogoo. Alioga, akawasha diya mbele ya picha ya Krishna, akaimba prabhatiya huku akisaga viungo na kukanda unga wa chapati. Hakuwa na sauti ya kusifiwa. Aliimba siku za mvua, siku za mavuno ya kahawa, na siku za 1971 majirani wetu wengi walipokuwa wakifunga masanduku waende Uingereza na Kanada. Aliimba hata asubuhi baada ya baba yetu kufariki, kwa sauti ya chini sana, lakini hakuruka wimbo.

Sisi watoto tulisikia nyimbo hizo kila siku kwa zaidi ya miaka ishirini. Tuliamka kwazo, tukapigia mswaki kwazo, tukalalamika kwamba zinatukatiza usingizi. Tulidhani tunazijua.

Ba aliaga dunia miaka sita iliyopita. Siku ya kumi na tatu jamaa walikusanyika nyumbani kwa sala, na mjomba wetu akatutaka sisi watoto wake tuimbe ile prabhatiya aliyoipenda. Tukaanza. Mstari wa kwanza ulitoka, wa pili ukatoka, wa tatu ukagoma. Tukatazamana. Tukarudi mwanzo tukitumaini kwamba miguu itaijua njia, tukakwama palepale. Ilikuwa kama ile santuri yenye ufa, ila safari hii hapakuwa na kidole cha baba cha kuisukuma.

Ndipo sauti ikatoka mlangoni. Alikuwa mzee mmoja wa Kinyiha, aliyefungua milango ya duka letu kila alfajiri tangu ujana wake mpaka magoti yalipomkatalia. Ba alimwita bhai. Alikuwa amesimama kando ya viatu, kofia mkononi. Aliushika mstari wa tatu akauimba, akaenda mpaka mwisho wa wimbo bila kusita. Kigujarati chake kilikuwa na lafudhi ya Kinyiha, na maneno mengine aliyakunja kwa namna yake, lakini hakuna beti lililopungua.

Baada ya wageni kuondoka tulimuuliza, "Baba, nani alikufundisha?"

Akasema, "Hakuna aliyenifundisha. Mimi nilikuwa nafagia. Mama alikuwa anaimba. Mtu akifagia na wimbo, siku moja anakuta wimbo uko ndani."

Tukatoa simu, tukamwomba aimbe tena ili tumrekodi. Akatikisa kichwa. "Wekeni simu, wanangu. Imbeni pamoja nami. Simu ikishajua, ninyi hamtajua."

Tulikaa naye jioni ile, na jioni nyingi zilizofuata, barazani kwa duka, nywele zetu zikiwa tayari na mvi. Alitupa mstari mmoja, akangoja tuurudishe. Tulipokosea alicheka, akaanza tena. Kwa namna hiyohiyo Ali Muhsin alimpa Siti beti, na Siti akalala nalo. Mpaka sasa tumeshika nyimbo saba kati ya alizozijua Ba. Mzee anasema zimebaki kumi na nne.

Ombi letu

Tumeeleza habari hizi za nyumbani kwa sababu tunaona ugonjwa uleule hekaluni. Tangu mzee wetu aliyeongoza bhajan kwa miaka mingi alipowafuata watoto wake ng'ambo, arati yetu ya jioni inaimbwa na flashi. Spika ni nzuri, tuliichangia wenyewe. Sauti zinazotoka humo ni za waimbaji hodari wa Ahmedabad na Mumbai. Sisi tunasimama, tunapiga makofi, tunazungusha diya, tunanyamaza. Katika Navratri iliyopita umeme ulikatika garba ikiwa imeanza tu. Hekalu zima likawa kimya. Watu zaidi ya mia moja, wenye koo zima, tulisimama gizani kusubiri jenereta.

Hatuna ugomvi na mashine. Bila gramafoni tusingemjua Siti, aliyefariki tarehe 8 Julai 1950, kabla hatujazaliwa. Santuri iliihifadhi sauti yake, nasi tunaishukuru. Lakini santuri haikumfundisha yeye kuimba. Alifundishwa na njia ya Fumba, na mwalimu wake, na jioni za Ng'ambo. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013 baada ya kuzunguka dunia na taarabu, alimfuata Siti kwa kumsikiliza mwenyewe akiimba. Namna hiyo ndiyo wimbo hupita kutoka koo hadi koo. Mashine huutunza kama ghala linavyotunza mbegu, na mbegu ikikaa ghalani miaka yote bila kupandwa haioti tena.

Kwa hiyo, katika kumbukumbu hii, tunaiomba jumuiya mambo matatu madogo. Kwanza, dakika ishirini kila jioni kabla ya arati ziwe za kuimba bila spika, hata tukiwa watu wanne, hata sauti zikiwa mbaya. Ya Ba haikuwa nzuri. Pili, kila familia imtafute mkubwa mmoja anayejua wimbo ambao watoto hawaujui, naye aufundishe mstari kwa mstari, bila karatasi. Tatu, yule mzee wa Itaka aalikwe siku ya sherehe. Tumeshamuuliza. Amesema atakuja iwapo tutamchukua kwa gari, kwa sababu ya magoti, na iwapo hatutamkalisha jukwaani. Anataka kusimama karibu na mlango, mahali alipozoea.

Lakini ametoa sharti moja zaidi, nasi tunalifikisha kama tulivyopewa. Hataimba peke yake. Ataanza mstari wa kwanza, kisha atangoja.

Tunaomba Mwenyezi Mungu atupe neema ya kuujua wa pili. Jai Shri Krishna.